Chombo Kile Kinakula Nini? Vipimo Visivyo na Waya na Njaa ya Betri

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo cha watu wazima, Ntobeye, wilaya ya Ngara)



Jioni ile tuliposoma pamoja habari za kupima mvua, mama mmoja aliyekaa karibu na mlango alituuliza swali. Tulikuwa tumekwisha kueleza kwamba siku hizi kuna vipimo vinavyofungwa shambani au kando ya mto, vikapima mvua, upepo, joto na kina cha maji, halafu vikapeleka habari mjini papo hapo, bila mtu na bila waya. Mama akasema, "Sawa, mwalimu. Lakini hicho chombo huko porini kinakula nini?"

Watu walicheka. Sisi tulijibu upesi upesi kwamba kinatumia jua, tukaendelea na somo. Lakini jibu lile lilikuwa nusu jibu. Tumekwenda kusoma, tumewauliza mafundi, na leo tumekuja kulipa deni. Tena tunalipa kwa sababu swali la mama yule linatugusa sisi wenyewe. Tutawasimulia.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tukifanya kazi katika wilaya nyingine, si hii. Huko kulikuwa na mto mdogo. Kiangazi mtoto anauvuka kwa kuruka mawe. Masika unapanda mpaka kwenye mashamba ya bondeni. Kwa miaka mingi mzee mmoja alikuwa amechomeka mti ukingoni, akaukata alama tatu kwa panga. Maji yakifika alama ya tatu anamtuma kijana apige ngoma, na watu wa bondeni wanapanda juu.

Wakaja wageni, wakafunga chombo juu ya nguzo. Kilikuwa chombo kizuri kweli. Kinapima kina cha maji kila dakika, na kila dakika kinatuma habari. Maji yakizidi, simu ya mwenyekiti wa kijiji italia. Watu walifurahi, na sisi tulisimama mbele yao tukawaambia kwamba hayo ndiyo maendeleo. Mzee akaachana na mti wake. Nani atasimama kwenye tope na chombo kipo?

Mwanzo wa masika mambo yalikwenda vizuri. Kisha mawingu yakatanda siku nyingi mfululizo, jua halionekani. Usiku mmoja maji yakapanda. Simu ya mwenyekiti ilikuwa kimya, na kila mtu aliona ukimya ule ni salama. Maharage ya watu yalizolewa, na daraja la magogo likaenda nayo. Watu waliokuwa wamelala kwenye vibanda vya kulindia mashamba walikaa juu ya miti mpaka kulipokucha. Hakufa mtu, tunashukuru.

Fundi aliyekuja baadaye alikifungua chombo mbele yetu. Akasema, "Hiki hakikuharibika. Kimekufa njaa. Kilipangiwa kusema mno."

Maneno hayo ndiyo somo la leo.

Kwanza tukubaliane juu ya jina. Wengine huviita vyombo hivi "sensa". Lakini sensa kwetu ni kuhesabu watu, kama tulivyohesabiwa mwaka 2022, kwa hiyo tutaviita vihisi. Kihisi kimoja kina sehemu nne. Kuna sehemu ya kuhisi, yaani ile inayogusa mvua au joto. Kuna ubongo mdogo, ambao ni kompyuta ndogo kuliko ukucha. Kuna redio ya kusema na kusikia. Na kuna betri, ambayo mara nyingi ina paneli ndogo ya jua ya kuijaza. Vihisi vingi vikipelekeana habari, vinafanya mtandao.

Msidhani haya ni mambo ya Ulaya tu. Kuanzia mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Makerere cha Uganda, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, yaani DIT, na Chuo Kikuu cha Juba cha Sudan Kusini walishirikiana na Chuo Kikuu cha Bergen cha Norwe katika mradi ulioitwa WIMEA-ICT. Walitaka kutengeneza kituo cha hali ya hewa cha bei nafuu, kitakachofaa mazingira yetu. Kituo chao hakikuwa chombo kimoja. Kihisi kimoja kilikaa juu ya mlingoti wa meta 10, kwa sababu upepo hupimwa huko. Kingine kilikaa meta 2 kutoka chini, kupima joto na unyevu wa hewa. Kingine kilikaa chini karibu na udongo. Badala ya kuvuta nyaya kutoka juu mpaka chini, vyote hivyo vilisema kwa redio na chombo kimoja cha kupokea, nacho kikazituma habari mbali zaidi. Waya hukatwa na jembe, huliwa na panya, na siku ya radi huwa njia ya kuleta balaa. Bila waya ni nafuu. Lakini ukishaondoa waya umeondoa pia njia ya kupeleka umeme. Kila kihisi sasa kinabeba chakula chake mgongoni, kama msafiri.

Mtu anaweza kusema, "Lakini umeme si upo? Maporomoko ya Rusumo yako wilayani kwetu." Ni kweli, mtambo wa Rusumo ni wa megawati 80, nasi tunagawana na Rwanda na Burundi sawa kwa sawa. Lakini nguzo za umeme huenda kwenye nyumba na mashine za kusaga. Haziendi bondeni kwenye matete, ambako ndiko mto unakotakiwa kupimwa.

Haya, sasa tuchukue chaki.

Betri mbili ndogo za tochi, zile nyembamba, tuseme zina umeme wa vipimo 2,000. Mafundi huviita miliampia-saa. Ninyi fikirini mtungi wenye vikombe 2,000 vya maji. Redio ya kihisi ikiwa wazi inakunywa vikombe 20 hivi kila saa. Gawanyeni wenyewe. 2,000 kwa 20 ni 100. Saa 100 ni siku 4 na saa 4. Mwanakisomo akifunga kihisi Jumatatu asubuhi, Ijumaa mchana kimekwisha kufa.

Sasa tufanye hivi. Redio ilale, iamke sekunde moja tu katika kila sekunde 100. Kwa saa nzima inakuwa macho sekunde 36 basi. Sasa inakunywa sehemu moja ya mia ya vile vikombe 20, yaani 0.2 ya kikombe kwa saa. 2,000 kwa 0.2 ni 10,000. Saa 10,000 zigawanyeni kwa 24, mtapata siku 416. Ni zaidi ya mwaka!

Betri ni ile ile na redio ni ile ile. Kilichobadilika ni usingizi. Bila shaka shambani hamtapata siku 416 kamili, kwa maana betri huvuja kidogo hata ikikaa bure, na kihisi kikilala nacho bado kinakula makombo. Lakini mmeiona tofauti ya siku 4 na mwaka.

Hapa kuna jambo lililotushangaza sisi wenyewe. Tulidhani redio hula umeme inaposema, na ikisikiliza tu hula kidogo. Sivyo. Redio hizi ndogo zina sauti ya chini sana, kwa hiyo kusema hakugharimu kuliko kusikiliza. Kipande kimoja cha redio kilichotumika sana katika vihisi, kinachoitwa CC2420, kilikunywa miliampia 17.4 kikisema kwa nguvu zake zote, na 18.8 kikisikiliza. Kumbe anayetega sikio usiku kucha akingoja jirani aseme ndiye anayemaliza betri! Vihisi vingi havikufa kwa kusema. Vimekufa kwa kungoja.

Sasa mtauliza, kama wote wamelala, nani atamsikia nani? Hili wazee wetu wanalijua zamani. Mwaka 1973 Tanzania ilikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa muda wa wiki 12 watu kama milioni 2 walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza Redio Tanzania, wakasoma vijitabu, wakajadili habari za malaria na vyoo. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Sisi wakati huo tulikuwa hatujazaliwa, lakini wazee wanasimulia. Redio ya kikundi ilikuwa ni mali, na betri zake zilikuwa ghali. Je, waliiacha redio ikipiga kelele tangu asubuhi ili kipindi kisije kikawapita? Hata kidogo. Walijua siku na walijua saa. Saa ikikaribia mtu anafungua, wanasikiliza, kipindi kikiisha anafunga. Redio Tanzania ilisema kwa saa yake na vikundi vya nchi nzima vilifungua kwa saa hiyo hiyo.

Vihisi navyo hufanya vivyo hivyo. Hupatana saa. Kihisi cha kwanza kinaambiwa, wewe utasema mwanzo wa kila dakika ya kumi. Cha pili, wewe sekunde moja baadaye. Mpokeaji anaamka kwa zamu hizo na kulala tena. Shida moja ni kwamba saa za vyombo hivi ni za bei ndogo, huweza kukosea sekunde moja au mbili kwa siku. Ukiziacha mwezi mzima, mmoja anaongea na mwenzake amelala. Kwa hiyo kila mara wanasahihishana saa, kama watu walivyokuwa wakirekebisha saa za mkononi kwa mlio wa redio kabla ya taarifa ya habari. Na kila mmoja anaamka mapema kidogo, asije akachelewa.

(Kuhusu kuanika betri za redio juani ili zipate nguvu, jambo ambalo tunaona bado linafanyika katika nyumba zetu: joto huiamsha betri iliyochoka kwa kitambo kidogo tu, haliijazi. Na betri inayovuja maji yake msiiweke karibu na watoto.)

Tuendelee. Njia ya pili ya kutunza betri ni kufikiri kabla ya kusema. Mwaka 2000 wataalamu wawili wa Marekani, Pottie na Kaiser, walionyesha kwamba nguvu inayotumika kutuma habari kidogo tu kwa umbali wa meta 100 inaweza kuuwezesha ule ubongo mdogo kufanya mamilioni ya hesabu. Kufikiri ni rahisi, kusema ni ghali. Basi kihisi cha joto kikipima mara 12 kwa saa, kisitume namba 12. Kitafute wastani, kitazame iliyo juu kabisa na iliyo chini kabisa, kitume namba 3. Na kama joto la sasa ni lile lile la saa iliyopita, kwa nini kiseme chochote?

Kipimo cha mvua ndicho kinachotupendeza zaidi. Kiko cha namna ya vikombe viwili vidogo kama mizani. Mvua ikijaza kikombe kimoja, kwa kawaida milimita 0.2, kinapinduka, kinamwaga, na cha pili kinashika zamu. Kila kikipinduka kinagusa swichi, na swichi inauamsha ubongo uhesabu moja. Mvua isiponyesha, hakuna kinachoamka. Chombo kinaweza kulala kiangazi chote, na tone la kwanza la vuli likakiamsha.

Vihisi vingine si wepesi hivyo. Vinavyopima hewa chafu, kwa mfano, vingi huhitaji kupashwa moto kwanza, na hapo kuhisi kwenyewe kunakula kuliko redio. Hivyo tuviache kwa leo.

Tuje kwenye umbali. Ninyi mnaijua nchi yetu hii, kilima na bonde, kilima na bonde. Sauti ya redio hupungua nguvu upesi kadiri inavyokwenda mbali. Ukiongeza umbali mara mbili, huna budi kuongeza nguvu mara nne, na penye migomba na vilima ni zaidi ya hapo. Kwa hiyo ni nafuu kihisi cha bondeni kimnong'oneze jirani, na jirani amnong'oneze mwingine, mpaka habari ifike kilimani.

Lakini hapa kuna dhuluma imejificha. Jirani aliye karibu na mpokeaji hubeba habari zake na za wenzake wote. Yeye ndiye wa kwanza kufa, na akifa, wote walio nyuma yake wamenyamaza ingawa betri zao zimejaa. Sisi tuna mfano wake katika mjumbe wa nyumba kumi. Nyumba kumi zinapeleka shida zao kwa mjumbe, na mjumbe anazifikisha mbele. Nyumba haziendi zote ofisini. Vizuri. Ila mjumbe akiwa ni yule yule mchana na usiku, hatalima. Mwaka 2000 mwanamke mmoja mtaalamu wa Marekani, Wendi Heinzelman, pamoja na wenzake Chandrakasan na Balakrishnan, walitoa utaratibu walioupa jina LEACH. Vihisi vinajigawa katika vikundi, kila kikundi kinakuwa na mjumbe wake, na mjumbe anakusanya habari za wenzake, anazifupisha, anazituma. Baada ya muda mjumbe anabadilishwa, mwingine anashika. Uchovu unagawanywa kwa wote. Baada ya hapo yametokea marekebisho mengi sana ya utaratibu huo, lakini mzizi ni zamu.

Njia nyingine ni ya redio inayosema polepole sana. Mtu akiongea taratibu, neno moja moja, unaweza kumsikia ng'ambo ya bonde hata kama hapigi kelele. Redio za namna hiyo zinaitwa LoRa. Hazifai kupeleka picha wala muziki, lakini namba chache huzipeleka kilometa nyingi kwa nguvu ndogo. Hatuna haja ya kwenda mbali kuzitafuta. Mto wetu Kagera ukitoka Rusumo unashuka kaskazini, na huko chini unapakana na Hifadhi ya Akagera ya Rwanda. Mwaka 2017 vifaru weusi walirudishwa katika hifadhi ile, na mwaka huo huo ukafungwa mtandao wa LoRa wa kusaidia kazi ya ulinzi. Kule kihisi hakiwezi kubadilishwa betri kila wiki. Nani atamshika kifaru?

Mlaji mkubwa kuliko wote bado hatujamtaja. Ni simu. Habari zikishafika kilimani, mara nyingi hupelekwa mjini kwa mtandao wa simu za mkononi. Chombo cha simu kinapopiga mnara kinaweza kuvuta, kwa kitambo kifupi sana, mpaka ampia 2, yaani miliampia 2,000. Linganisheni na zile 20 za redio ndogo. Ni mara mia! Kwa hiyo haifai kupiga simu kwa kila namba moja. Mtu wa Ntobeye anayekwenda Ngara mjini hachukui barua moja akarudi, kesho tena akachukua nyingine. Anauliza majirani wote, anabeba kwa pamoja. Vituo vya TAHMO, ambavyo vipo Kenya, Uganda na nchi nyingine nyingi za Afrika, hupima kila dakika 5, lakini huweka akiba na kutuma kwa mkupuo. Vingi vya vituo hivyo vimefungwa kwenye viwanja vya shule, na tutaona sababu yake.

Sasa turudi kwenye ule mto.

Chombo kile kilikuwa kikipima kila dakika na kupiga simu kila dakika, mvua ipo au haipo, maji yapo chini au yapo juu. Kiangazi na mwanzo wa masika jua lilikuwa linakirudishia kilichokula. Mawingu yalipotanda paneli ikawa haiingizi kitu, na matumizi hayakupungua. Hii ndiyo hatari ya vyombo hivi, ndugu zetu. Siku zinazohitaji kihisi kuliko zote ndizo siku zisizo na jua. Anayekipangia matumizi kwa kutazama kiangazi amekosea hesabu tangu mwanzo.

Tumefikiri sana juu ya yule mzee na mti wake. Je, mzee alisimama mtoni kila dakika? Hapana. Kiangazi alipita pale mara moja kwa wiki, akienda kwenye ng'ombe wake. Masika yakianza alipita asubuhi na jioni. Maji yakifika alama ya kwanza alikwenda kila baada ya muda mfupi. Yakifika ya pili alichukua blanketi lake akalala pale pale ukingoni. Wataalamu wa leo wanaandika vitabu juu ya jambo hilo hilo: kihisi kipime mara chache mambo yakiwa shwari, kiongeze kasi hatari ikikaribia, na kitumie nguvu zake nyingi kwenye saa ile moja yenye maana. Chombo kingepangiwa kufuata mwendo wa mzee, kingekuwa hai usiku ule. Aliyekipanga hakumuuliza mzee. Na sisi tuliokuwa pale, tuliosomea ualimu na kufundishwa kwamba mwanafunzi mtu mzima ana ujuzi wake, hatukumuuliza pia.

Lakini kuna mtego mwingine, na tunaomba mkae nao. Kihisi kikipangiwa kusema panapokuwa na jambo tu, ukimya wake una maana mbili. Ama mambo ni shwari, ama kimekufa. Ukiwa nyumbani usiku huwezi kujua ni upi. Watu wa bonde lile walichagua maana ya kwanza.

Dawa yake ni ndogo na haili betri nyingi. Ni salamu. Kila asubuhi kihisi kitume neno moja: nipo, na betri yangu imebaki kiasi hiki. Jirani yako akipita kila siku akakuamkia, siku moja asipopita utakwenda kubisha mlango. Hutangoja mpaka uambiwe ana homa. Salamu ya kihisi isipofika siku mbili, mtu atumwe kwenda kutazama. Na salamu ikisema betri imeshuka chini ya nusu na masika ndiyo kwanza yanaanza, mtu asingoje siku mbili.

Mtu huyo ni nani? Hapo ndipo tunapotofautiana na baadhi ya wataalamu. Wao husema chombo kizuri ni kile kisichohitaji mtu. Sisi tumeona paneli iliyofunikwa na vumbi la barabara, na nyingine iliyogeuzwa choo cha ndege. Tumeona pia mgomba uliopandwa mbele ya paneli na mtu ambaye hakujua ile sahani nyeusi ni ya nini. Kitambaa na maji kidogo mara moja kwa wiki huongeza umeme kuliko ufundi mwingi wa ofisini. Ndiyo maana vituo vile vinafungwa shuleni: kuna macho, na kuna mikono. Lakini mikono hiyo lazima ifundishwe, na iandikwe kwenye daftari ni ya nani na zamu yake ni lini.

Hapa Ntobeye hatujafungiwa mtandao wa namna hii, wala hatukuja kuwaahidi. Tunasema haya ili siku watakapokuja watu na chombo chao mjue la kuwauliza. Mwulizeni mgeni: kikikosa jua kitaishi siku ngapi? Asikujibu "nyingi", akuandikie namba, nanyi mgawanye wenyewe ubaoni kama tulivyogawanya leo. Mwulizeni kinapima kila baada ya muda gani kiangazi, na kila baada ya muda gani masika. Mwulizeni kikinyamaza nani atajua, na atajuaje. Na kama atawaambia mwache kutazama mto kwa macho yenu, mwambieni mzee mmoja wa wilaya nyingine aliwahi kuambiwa hivyo hivyo.

Mama aliyeuliza swali, tunadhani sasa deni limepungua. Bado kuna swali alilotunong'oneza leo wakati wa kuingia: mvua ya mawe kihisi kitaipimaje, kwa vile mawe hayaingii kwenye vikombe vile vidogo mpaka yayeyuke? Hilo nalo tumelibeba.

Kabla hatujatawanyika, tugawane kazi ya wiki mbili. Kila kikundi kitachukua kopo moja lenye mdomo ulio sawa na kitako, kitaliweka mahali pa wazi mbali na miti, na kitapima maji yake kwa rula kila siku saa 1 asubuhi. Siku isiyo na mvua msiandike chochote, ila mtieni mjumbe wa kikundi alama moja ya "tupo". Mjumbe abadilishwe kila baada ya siku 3. Makopo yapo pale kwenye meza, rula ni 4 tu, kwa hiyo vikundi viwili viwili vitaazimana. Daftari mtuletee Jumamosi ya wiki ya pili, saa 10 alasiri, hapa hapa.